Maji Yahojiwe Kabla ya Kumwagwa

Mtu akianza kujaa maji tumboni huku Kiwalani, anayegundua kabla ya daktari huwa fundi cherehani. Suruali inaletwa ipanuliwe kiuno, wiki chache baadaye inarudi tena, na fundi anatania kwamba mambo yamemnyookea mzee. Mwenyewe naye anachekelea, maana kitambi bado kina heshima yake mjini. Lakini mashavu yanabonyea, mikono inapukutika, mifupa ya mabega inachomoza, na tumbo peke yake ndilo linaloongezeka. Kitambi cha shibe hakikondeshi mikono. Kitovu kikishatokeza nje, ngozi ya tumbo ikang'aa na mishipa ikaonekana juu yake, utani unakwisha na familia inakaa kikao.

Kiwalani ni kata ya Wilaya ya Ilala, imebanwa kati ya Barabara ya Nyerere na viwanda vyake, uwanja wa ndege na mpaka wa Temeke. Mgonjwa wa Bombom, humo humo Kiwalani, huanzia duka la dawa, akaenda zahanati, akapita kwa mtaalamu wa tiba asili, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, Amana au Temeke, na mambo yakizidi akafika Muhimbili. Njiani kote anathibitishiwa jambo moja: ana maji. Mjadala wa nyumbani nao unazunguka hapo hapo, yatolewe au yasitolewe. Wapo wanaoapa kwamba akishachomwa sindano tu hamalizi mwezi; wapo wanaotaka yakamuliwe yote leo leo. Kwangu mimi hilo ni swali la pili. La kwanza ni maji hayo yametoka wapi, na jibu lake mara nyingi limo ndani ya maji yenyewe, tena yale ya bomba la kwanza la sindano, ambayo mara nyingi huishia kwenye ndoo pamoja na mengine bila kuulizwa chochote.

Tumbo la mtu mzima mwenye afya lina majimaji kidogo sana, ya kulainisha utumbo usisuguane. Yanachujwa na kunyonywa kila siku bila mwenyewe kujua. Ini likijaa makovu, hali ambayo madaktari huiita sirosisi, damu yote inayotoka kwenye utumbo na wengu kuelekea kwenye ini inakuta njia imebana. Wakazi wa mabondeni Dar es Salaam hawahitaji kufundishwa hili: mfereji ukizibwa na takataka, maji hayapotei, yanapanda na kuingia kwenye nyumba za watu. Shinikizo linapanda ndani ya mshipa unaoleta damu hiyo kwenye ini, na majimaji yanachuruzika kwenda kwenye uwazi wa tumbo. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko kwenye figo. Mishipa ya tumboni inatanuka, damu nyingi inatuama huko, na figo zikipata pungufu zinadhani mwili umekauka. Zinaanza kushika chumvi, na chumvi inashika maji. Ndiyo maana mgonjwa anabeba lita 10 tumboni huku anakojoa kidogo tu. Juu ya hayo, ini lililochoka limepunguza kutengeneza albumini, protini inayosaidia kuyashikilia maji ndani ya mishipa yasivuje. Msomaji ashike hapo kwenye chumvi, maana tiba ya maji yatokanayo na ini imesimama juu yake.

Maji haya hujificha kwa muda mrefu. Daktari anayegonga tumbo kwa vidole anahitaji takriban lita moja na nusu ndipo aisikie sauti yake ubavuni, wakati ultrasaundi huona hata mililita 100. Ultrasaundi ina kazi nyingine isiyosifiwa vya kutosha, nayo ni kuhakikisha kwamba ni maji kweli. Uvimbe mkubwa wa ovari uliojaa majimaji unaweza kumdanganya mtu akadhani ni maji ya tumbo, na mwanamke mwenye maji anaweza kupongezwa kwa mimba asiyokuwa nayo. Kwa wanaume wa pwani, ambako mabusha yatokanayo na matende ni ugonjwa wa zamani, korodani zikivimba pamoja na tumbo mtu hujipa mwenyewe jina la busha na kukaa kimya kwa aibu.

Sasa turudi kwenye chanzo. Katika vitabu vya Ulaya na Marekani, wagonjwa wanne kati ya watano wenye maji tumboni wana sirosisi, na saratani, moyo na kifua kikuu vinagawana waliobaki. Daktari wa Dar es Salaam akiukariri mgawanyo huo na kuutumia kama ulivyo, atawakosea wagonjwa wengi.

Si kwamba ini halihusiki. Linahusika sana, na huku kwetu mhusika mkuu nyuma yake ni homa ya ini B. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na maambukizi sugu ya kirusi hicho, na zaidi ya nusu ya maambukizi mapya yako Afrika. Wengi hukipata wakiwa wachanga au watoto wadogo, kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa au kwa watoto wenzao, kisha kinakaa kimya miaka 20 au 30. Tanzania iliingiza chanjo yake kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo alikua bila kinga hiyo, na ndiyo maana anayelazwa na tumbo la maji aghalabu ni mtu wa makamo mwenye watoto shuleni, dereva au mchuuzi ambaye nyumba nzima inamtegemea. Pombe huja juu ya hapo na kuharakisha makovu. Serikali ilipiga marufuku pombe kali za viroba kuanzia Machi 1, 2017, na ilifanya vizuri. Gongo haikusoma tangazo.

Kuna swali ambalo daktari mzuri wa Dar es Salaam hulitupia mgonjwa mapema: umekulia wapi? Jiji hili lina watu wa kila kanda. Aliyekulia Ukerewe au mwambao mwingine wa Ziwa Victoria, akiogelea na kuvua tangu utoto, anaweza kuwa amekuja mjini na kichocho cha matumbo. Mayai ya minyoo hiyo hukwama kwenye mishipa midogo ya ini na kuacha makovu pembezoni mwake. Ini lenyewe linaendelea kufanya kazi kwa kiasi kikubwa, ila damu haipiti; wengu unakuwa mkubwa, mtu anatapika damu siku moja bila onyo, na maji hufuata. Aliyekulia pwani anakijua kichocho cha mkojo, ambacho habari yake ni nyingine kabisa. Wagonjwa wawili wa mtaa mmoja, matumbo yanayofanana, magonjwa tofauti.

Kifua kikuu cha tumbo ndicho kinachonitia uchungu zaidi, kwa sababu kinapona. Hapa ini ni zima. Ni utando unaofunika matumbo ulioshambuliwa, nao unatoa maji kwa hasira yake mwenyewe. Mgonjwa ana homa za jioni, anakonda, anatoka jasho usiku, na mara nyingi hakohoi hata kidogo, ndiyo maana hakuna anayefikiria TB. Mwenye VVU yuko kwenye hatari zaidi. Dawa zake ni zile zile za kifua kikuu, za miezi 6, na hutolewa bure katika nchi ambayo mpango wake wa taifa ulioanza 1977, kwa mchango mkubwa wa daktari Karel Styblo, ulikuja kuwa kielelezo cha dunia nzima. Halafu mgonjwa huyu huyu anafariki kwa sababu maji yake yalitolewa mara tatu na kumwagwa mara tatu. Kwa wanawake kuna mtego mwingine: kipimo cha damu cha CA-125, kinachotumika kufuatilia saratani ya ovari, hupanda pia kwenye TB ya tumbo. Binti wa miaka 25 mwenye maji na kipimo kilichopanda anaweza kuambiwa ana saratani iliyosambaa, familia ikaanza kuchangisha au kukata tamaa, kumbe alihitaji vidonge vya miezi 6. Kinyume chake nacho kipo: mama wa miaka 60 anayetibiwa TB ya kubahatisha huku saratani ya ovari ikiendelea. Huyo mahali pake ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, na kila mwezi anaochelewa unamgharimu.

Moyo pia hujaza tumbo. Valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, moyo uliodhoofu baada ya uzazi, au mfuko wa moyo uliokakamaa kutokana na TB ya zamani, vyote hurudisha damu nyuma hadi kwenye ini. Mfuko uliokakamaa unaweza kuondolewa kwa upasuaji, na mtu aliyeandikiwa ini bovu akatembea. Afrika Mashariki ina hata ugonjwa wake wa moyo ulioandikwa kwanza Kampala mwaka 1948 na daktari wa maabara J. N. P. Davies, ambapo kuta za ndani za moyo huota makovu. Ajabu yake ni kwamba tumbo hujaa sana huku miguu ikiwa haijavimba au imevimba kidogo tu, kinyume na kanuni inayofundishwa darasani ya moyo kuanzia miguuni. Figo zinazovujisha protini nazo huvimbisha, lakini kwa kawaida zinaanzia usoni asubuhi, na kipimo cha mkojo kinazifichua.

Kisha kuna chakula. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walianza kuumwa tumbo, kutapika, kuwa na macho ya manjano na matumbo kujaa. Waliougua walifika 68, na 20 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi ya nyumbani kwao. Kenya ilikuwa imeyaona hayo mwaka 2004 kwa ukubwa zaidi, huko Makueni na Kitui: wagonjwa 317, vifo 125. Na Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, kijiji cha Tsaeda Emba kilisumbuliwa kwa miaka na ugonjwa wa matumbo kuvimba ambao uchunguzi uliuhusisha na mbegu za gugu liitwalo kitaalamu Ageratum conyzoides zilizochanganyika na nafaka. Gugu hilo liko hata kwenye mashamba yetu. Sumu yake huziba mishipa midogo ya ndani ya ini, na sumu za jamii hiyo zimo pia kwenye baadhi ya mimea ya ukoo wa marejea.

Ninataja mimea makusudi, kwa sababu wagonjwa wengi wa Kiwalani hufika hospitalini wakiwa wameshakunywa dawa za mizizi, na wengi huficha. Wanajua watagombezwa. Si haki kuwacheka. Mganga yuko karibu, anakubali kulipwa kidogo kidogo, na anajibu swali ambalo hospitali hailigusi: kwa nini mimi, na nani kanifanyia? Mama mkwe anakumbuka ugomvi wa kiwanja, shemeji anakumbuka mpangaji aliyehama kwa matusi, na tayari kesi ina mtuhumiwa. Hospitali kwa upande wake inatoa maji lita 5, inampa vidonge vya kukojoa na kumruhusu bila kumweleza chochote. Baada ya wiki mbili tumbo limejaa tena. Majirani wanaona kwa macho yao kwamba wazungu wameshindwa, yaani huu si ugonjwa wa hospitali. Kwa mtazamo wangu, ndoo inayomwagwa kimyakimya inampelekea mganga wateja wengi kuliko tangazo lolote la ukutani.

Kuhusu sindano yenyewe, hofu ina historia ya kweli. Ludwig van Beethoven alitobolewa tumbo mara 4 huko Vienna, mara ya kwanza Desemba 20, 1826, na alifariki Machi 26, 1827. Kidonda cha kwanza kiliingia uchafu na kuendelea kuvuja. Zama hizo ilikuwa bado haijathibitishwa kwamba vijidudu ndivyo vinavyooza vidonda. Maiti yake ilipopasuliwa ini lilikutwa limesinyaa. Mwaka 2023 watafiti waliosoma vinasaba kutoka kwenye nywele zake walikuta alama za kirusi cha homa ya ini B. Kumbe bwana mkubwa wa muziki wa Ulaya na fundi wa magari wa Kiwalani wanaweza kuwa na faili la aina moja.

Leo kazi hiyo inafanyika hivi. Mgonjwa anakojoa kwanza ili kibofu kiwe tupu, analala chali, kichwa juu kidogo. Daktari anachagua upande wa kushoto chini, mbali na kitovu na mishipa, akiwa na ultrasaundi pembeni kama ipo. Ngozi inasafishwa, dawa ya ganzi inaingizwa, sindano inapita, na maji ya manjano mepesi yanaanza kushuka kwenye mpira wa dripu hadi kwenye ndoo yenye alama za lita. Kabla ya mpira kufungwa, mililita chache zinavutwa kwa bomba na kugawanywa kwenye chupa za maabara. Dakika hiyo moja ndiyo yenye thamani. Uwezekano wa kuvuja damu vibaya hauzidi mtu mmoja kati ya mia, hata kwa wenye sirosisi ambao damu yao huchelewa kuganda.

Pembeni huwa kuna mama mzazi ameshika kanga, na mazungumzo yake na nesi ni ya kila siku wodini.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mnamtoa yote?”

“Leo tunatoa lita tano, mama, apumue. Mengine yatatoka kwa dawa.”

“Na yakirudi?”

“Yanaweza kurudi, mama. Ndiyo maana tumechukua haya kidogo ya kupima.”

Nesi aliyejibu hivyo amefanya tiba ambayo haimo kwenye chupa.

Nini kinapimwa? Kwanza rangi: maji yenye ukungu yanaashiria maambukizi, yenye damu yanaelekeza kwenye saratani au TB, meupe mithili ya maziwa yanatoka kwenye mirija ya limfu iliyopasuka. Pili ni hesabu moja rahisi ambayo ingepaswa kuwa amri katika kila hospitali ya mkoa. Unapima albumini ya damu na albumini ya maji siku hiyo hiyo, unatoa moja kwenye nyingine. Tofauti ikiwa gramu 11 kwa lita au zaidi, maji yamesukumwa na shinikizo la mishipa, na mtuhumiwa ni ini, moyo au kichocho. Tofauti ikiwa ndogo, mara nyingi utando wenyewe unaumwa, na unatafuta TB na saratani. Figo zinazovujisha protini nazo huangukia upande huo. Hesabu hii ya darasa la tatu inagawa wagonjwa katika njia mbili zisizokutana, kwa mashine ambayo maabara ya kawaida inayopima ini inayo tayari. Tatu ni kuhesabu chembe nyeupe. Zile ziitwazo nyutrofili zikifika 250 kwa milimita moja ya ujazo, maji yameingia bakteria, na dawa ya kuua bakteria ya mshipani inaanza saa hiyo bila kungoja majibu ya kuotesha. Chembe za aina ya limfositi zikizidi, TB inapanda juu kwenye orodha.

Njia zikishagawanyika, tiba nazo zinaachana, na vidonge vya kukojoa havimsaidii kitu mwenye TB. Kwa mwenye sirosisi, mazungumzo yanaanzia jikoni. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu alichokula. Tatizo ni kwamba chumvi ya Dar es Salaam haikai kwenye kichupa cha mezani. Imo kwenye ng'onda na papa wa chumvi, kwenye vidonge vya kuungia supu, kwenye chipsi za jioni, kwenye mkate. Imo kwenye magadi yanayolainisha maharage na mlenda, kwa kuwa sodiamu ya magadi na ya chumvi mwilini ni ile ile, na imo kwenye dawa za kiungulia zinazochemka kwenye glasi. Mgonjwa anaapa hatumii chumvi, na haongopi. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vinaweza kubeba mchuzi kwa miezi bila mtu kujuta sana.

Kinachoniudhi ni ushauri unaosambaa mitaani kwamba mgonjwa wa ini asile nyama, mayai wala maharage. Anayejaa maji anayeyuka misuli. Anahitaji protini nyingi kuliko jirani yake mzima, takriban gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake bila maji. Samaki wabichi, mayai, dagaa wasiotiwa chumvi, maharage yasiyo na magadi, na kitu kidogo kabla ya kulala ili asikae usiku mzima na njaa. Karanga ni nzuri zikiwa safi; zenye ukungu ni sumukuvu, na sumukuvu juu ya homa ya ini B huongeza sana uwezekano wa saratani ya ini.

Dawa ya msingi ni spironolaktoni, kwa kawaida ikianzia miligramu 100 kwa siku, ikisaidiwa na furosemaidi miligramu 40. Huku mitaani wengi hupewa furosemaidi peke yake, kwa jina la Lasix, kwa sababu inakojoza haraka na mgonjwa anaona thamani ya fedha yake. Kwenye sirosisi ni dawa dhaifu ikiwa peke yake, na huondoa potasiamu. Spironolaktoni inafanya kazi polepole, siku kadhaa, lakini inalenga pale figo zinaposhika chumvi. Ina aibu yake: matiti ya wanaume huvimba na kuuma, na wapo wanaoiacha kimyakimya kuliko kumwambia daktari, wakati kipimo kingeweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa. Mzani ndio mwongozo. Asiyevimba miguu apungue si zaidi ya nusu kilo kwa siku, aliyevimba apungue hadi kilo moja. Zaidi ya hapo figo zinaumia, na kreatinini, sodiamu na potasiamu lazima vipimwe. Diklofenaki na jamaa zake, zinazouzwa kila duka kwa ajili ya mgongo, zinaziba njia ya dawa hizi na kuua figo zilizokwisha choka.

Tumbo likiwa limekaza hadi kupumua kunakuwa kazi, maji hutolewa, hata lita nyingi kwa siku moja. Kasoro iko kwenye kinachofuata. Yakizidi lita 5, mishipa ya damu hupungukiwa na figo zinaweza kusimama, ndiyo maana albumini hurudishwa mshipani, gramu 6 hadi 8 kwa kila lita iliyotoka. Chupa ya mililita 50 ya asilimia 20 ina gramu 10. Aliyetolewa lita 8 anahitaji chupa 5 hadi 7, tena yakirudi zinahitajika nyingine, na albumini ni dawa ghali. Pasipokuwa nayo, busara ni kutoa kidogo kidogo, chini ya lita 5, badala ya kukausha tumbo lote ili ndugu waridhike. Hapa ndipo bima inapogeuka kuwa sehemu ya matibabu. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kwa mchuuzi wa Kiwalani, kipimo cha sheria hiyo ni kama itagusa chupa hizo na dawa za kila mwezi, au itaishia kwenye dirisha la kumwona daktari.

Kuna dalili zisizongoja asubuhi. Homa na maumivu ya tumbo kwa mtu mwenye maji, kuchanganyikiwa au kulala mchana na kukesha usiku, kutapika damu au kupata choo cheusi, mkojo kukatika, ngozi ya kitovu kupasuka na maji kuchuruzika. Kila moja ni safari ya hospitali usiku huo huo, kwa bajaji au gari la jirani. Kuchanganyikiwa ndiko kunakopelekwa kwenye maombi au kwa mganga zaidi ya kote, na mara nyingi chanzo chake ni maambukizi, damu iliyovuja tumboni, au choo kilichokaa siku tatu.

Takwimu za sirosisi yenye maji hazibembelezi: takriban nusu ya wagonjwa hufariki ndani ya miaka 2. Upandikizaji wa ini ndiyo tiba kamili, na wenye uwezo huenda kuutafuta India. Lakini takwimu hizo zinabadilika chanzo kikizuiwa. Aliyeacha pombe kabisa anaweza kukaa mwaka akaona tumbo limerudi na vidonge vimepungua. Mwenye homa ya ini B akipewa tenofoviri, kirusi kinazimwa na ini linapata nafasi ya kujirekebisha. Ni dawa ile ile iliyomo kwenye kidonge cha kila siku cha wanaoishi na VVU, kwa hiyo imo nchini kwa wingi. Na kwa mwenye saratani iliyosambaa, kutoa maji kila anapobanwa, pamoja na morfini ya kunywa, si kushindwa. Kumfanya mtu alale usiku na kula na watoto wake ni tiba inayojitegemea, na daktari anapaswa kuisema hivyo bila kuzungusha.

Jibu la homa ya ini B likitoka, karatasi hiyo haimhusu mgonjwa peke yake. Kama alikipata kirusi kwa mama, ndugu zake wa tumbo moja waliotangulia na waliomfuata wanaweza kuwa nacho bila dalili yoyote, na mwenzi wake na watoto wake nao wako karibu nacho. Kipimo ni tone la damu. Asiye na kirusi wala kinga achanjwe dozi 3, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu mwezi wa sita. Atakayekutwa nacho aanze kufuatiliwa ini lingali zima, kabla suruali haijaanza kubana.